Bi. Mboni na Matundu Aliyokataa Kuyaziba

Tarehe 30 Juni mwaka huu Bi. Mboni Abdulkarimu anastaafu, baada ya kuitumikia Karakana ya Mifano, hapa Somanda, Bariadi, kwa miaka ishirini na sita. Alianza kwa kupaka rangi vibao vya maduka, akahamia kwenye vinu vya pamba vya mfano vinavyopelekwa kwenye maonyesho, na mwishowe akakaa kwenye meza ya magari ya jeshi. Hapo hakubanduka tena.

Meza hiyo inajulikana kwa wavu. Kila gari la jeshi tunalotengeneza, liwe lori, deraya au kifaru, lina wavu halisi wa waya mbele ya rejeta, juu ya taa na kwenye vikapu vya mizigo, ingawa gari zima linaenea kiganjani. Wavu huo uliletwa na Bi. Mboni, na tuseme kweli, hakuuleta kwa hiari.

Mzee Mahona wa Kiloleli, dereva mstaafu wa jeshi, aliagiza lori kama alilokuwa akiendesha. Siku ya kulichukua alilitazama usoni kwa muda mrefu, kisha akauliza, "Ng'wanone, mwanangu, hili linapumulia wapi?" Mbele palikuwa na kipande cha bati kilichochorwa mistari myeusi. Bi. Mboni alimjibu kuwa huo ni mfano tu, haliendi popote. Mzee akalirudisha mezani taratibu. "Basi na mimi nitakulipa mfano wa hela." Karakana nzima ilicheka. Bi. Mboni alinuna mpaka jioni, kisha akaenda dukani kwa Nasrin kununua kichujio cha chai, akakikatakata.

Tangu hapo vichujio vya jikoni vikawa vinapotea. Mama Malimi, anayetupikia, alimfuata mezani na kikombe mkononi: "Mboni, yaani leo tunatafuna chai kwa ajili ya vita vyako?" Bi. Mboni alilipa kichujio, akaomba na kile cha akiba.

Kazi yenyewe haina haraka. Wavu unapitishwa juu ya moto ili waya ulainike, unapakwa gundi pale utakapokatwa ili nyuzi zisifumuke, ndipo unakatwa. Rangi inapakwa nyepesi sana, kisha unapuliza. Mwisho unauinua dirishani. Tundu moja likiziba, unaanza upya. Nilipoletwa mezani kwake baada ya kumaliza kidato cha nne, niliinua vipande vingi dirishani, na kila mara nilisikia, "Binti, hiki kimekufa. Kata kingine." Hakuwahi kusema kwa ukali, wala hakuwahi kukubali kilichokufa.

Mwezi Machi meneja wetu mpya, Bw. Masunga, alitangaza kikaoni kwamba wavu unatuchelewesha. "Nani anachungulia huko, Bi. Mboni? Paka nyeusi, tusonge." Kwa kuwa kila gari letu huandikwa chini jina la aliyelitengeneza, Bi. Mboni alijibu bila kuinuka, "Sawa, bosi. Ila hilo uliandike Masunga, usiliandike Mboni." Toka siku ile hakuna gari lake lililotoka bila wavu. Hakuna lililochelewa pia.

Sasa tumeambiwa kuwa akishaondoka, meza ya wavu itatolewa, na magari yatachorwa mistari kama zamani. Niliombwa niandike mambo mazuri tu kwa ajili ya hafla hii ya kumuaga, na nimeyaandika. Lakini nikilinyamazia hili nitakuwa nimeandika habari za mtu mwingine. Kikaoni sauti hainitoki, wote mnajua, kwa hiyo nasema hapa: hatukubali. Mtu hawezi kusifiwa ukumbini leo, halafu kesho kazi yake ikafutwa kwa brashi.

Mlangoni pa ukumbi kuna deraya dogo. Bi. Mboni aliliacha wiki iliyopita likiwa na uso mtupu, akasema amechoka. Hakuwa amechoka. Alilisogeza mbele yangu, akaenda kuongea na Mama Malimi mpaka saa ya kufunga. Wavu ule nimeukata mimi. Upande wa taa ya kulia umepinda kidogo, naujua, msinioneshe. Lakini liinueni mlitazame kwenye mwanga. Matundu yote yako wazi. Nawe karibu, Bw. Masunga, uchungulie.

Bi. Mboni, asante kwa uvumilivu wako, kwa utani wako, na kwa kila kipande ulichonirudishia. Tunakuombea afya njema huko nyumbani Nyashimo, macho yenye nuru, na asubuhi ndefu za kulala bila kuamshwa na mtu.

Nenda kapumzike. Kesho wakija kuibeba meza watanikuta nimeikalia, nakata wavu.

Goodness Mayala
Meza ya magari ya jeshi