Historia ya Marehemu Frida Mazengo, Bibi Shamba Aliyekula Peke Yake

Ndugu waombolezaji, mimi ni Silvano Mazengo, mdogo wake marehemu, na familia imeniagiza niwasomee maisha yake, ingawa kwa haki nilistahili kuwa wa mwisho kuagizwa.

Marehemu alizaliwa Zuzu tarehe 14 Machi 1948, akasoma shule ya msingi hukohuko, akahitimu chuo cha kilimo mwaka 1970, akapangiwa Kondoa kama bibi shamba, na mwaka 1983 akahamishiwa hapa Chamwino, ambako wakulima walimjua kwa ukali wake na kwa baiskeli yake isiyo na breki.

Mwaka 1974 alifunga ndoa na Bwana Castory Matonya, wakajaliwa binti mmoja, Hana, aliyeolewa Mbeya, na Bwana Castory alipofariki mwaka 1989 dada alibaki peke yake katika nyumba hii.

Biashara ilipofunguliwa kwa watu binafsi, wachuuzi walileta dawa mpya ya kuhifadhia mtama, unga laini kuliko poda ya mtoto, wakasema chembe zake ni ndogo mno hata mtama hauhitaji kuoshwa. Marehemu aliuliza chembe hizo zikishapenya kwenye punje na kwa mlaji huishia wapi, akajibiwa kipimo hakipo, basi mwezi Juni 1994 akaanza kuula mwenyewe mtama uliotiwa dawa hiyo, akiandika hali yake kila siku kwenye daftari, bila kumwambia mtu, kwa kuwa watu wangesikia bibi shamba anaula, wangekimbilia kuinunua dawa hiyo.

Unga ule ulishika kwenye kinu, ungo na sufuria zake zote, kwa hiyo hakumkaribisha mtu chakula tena, nasi tukamwita mchoyo. Tarehe 7 Aprili 1996, siku ya Pasaka, nilimletea wanangu wanne, akatuacha tukae barazani mpaka jioni bila hata uji, nikaondoka nimekasirika na sikurudi tena. Daftari lake, tulilolisoma baada ya kifo chake, siku hiyo linasema: "Silvano amekuja na watoto. Mdogo amelia njaa. Sikuwapikia. Nimelia na mimi."

Aliugua ini kuanzia Novemba 1997, madaktari hawakuweza kusema kama ni dawa ile au la, na alifariki tarehe 9 Agosti 1998, akiwa na umri wa miaka hamsini.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, tunamshukuru Bwana Bashiri wa ofisi ya kilimo, aliyechukua daftari na mtama uliobaki ili vikapimwe, na jirani yetu Mama Mwanaidi, aliyemuuguza bila kuuliza maswali, na ambaye leo ametupikia kwa mtama na sufuria alizoleta kutoka kwake. Tukitoka makaburini, naomba mtu yeyote asiondoke bila kula hapa nyumbani kwa dada.

Dada, nisamehe, upumzike sasa.