Nyumba Kumi na Moja za Mumosho

Ndugu, marafiki na ninyi wote mliokuja kulia na sisi, mimi ni Laurette, dada mukubwa wa Colette, familia imenituma nisome maisha yake, na kwa kuwa nilikuwa pia mukubwa wake kazini, nitasoma na yale ambayo familia haikuandika.

Colette alizaliwa Kalehe tarehe 14 Machi 1989, mutoto wa tatu wa Papa Mushagalusa na Maman Eulalie, akasoma shule ya musingi kulekule, sekondari hapa Bukavu, na mwaka 2013 akapata licence, ndiyo shahada, ya takwimu, kwa akili yake, si kwa sala za novena za mama kama mimi.

Tarehe 2 Februari 2015 aliingia katika shirika letu la chanjo, ambako kompyuta inagawa nyumba katika makundi, halafu inatafuta katikati ya kila kundi, pale wenye kuchanja watakaposimama. Katikati moja ya Kalehe iliangukia ndani ya ziwa, sisi tukacheka, yeye akarudia hesabu mara hamsini, kila mara akianzia nyumba zingine, akachukua mgawanyo uliokuwa bora, na mahali pa ile nukta tupu akaweka nyumba iliyo karibu nayo zaidi, nyumba yenye mulango na mutu wa kuufungua.

Tarehe 5 Agosti 2017 aliolewa na Bruno, wakapata Aurore na Christophe.

Mwaka 2021 nyumba kumi na moja za Mumosho, ng'ambo ya korongo, zilikuwa zinavuta katikati mbali na zingine, nami nikazifuta katika hesabu, sababu rapport, ripoti ya kazi, ilitakiwa kupendeza, na ikapendeza kweli, nikapongezwa. Colette aliniambia, yaya, dada yangu mukubwa, umepunguza watu, haukupunguza umbali, nikamujibu kwamba ana kichwa kigumu, nikaandika hivyo hata katika tathmini yake ya mwaka. Tangu hapo, kila Jumamosi alimupeleka infirmière, muuguzi wa kuchanja, kule kwa pikipiki, na pale pikipiki inaposhindwa, kwa mguu.

Mwezi wa tano 2023 figo zilianza kumusumbua, akalazwa mara tatu, na Alhamisi tarehe 9 Novemba, saa nne ya asubuhi, akatuacha. Daktari anasema ni figo, si Mumosho, ninamushukuru kwa huruma yake, lakini Jumamosi nne za mwisho Colette aliniomba niende badala yake, nami nikasema niko na mukutano.

Tunawashukuru madaktari, majirani wa Nyawera, wenzake wa kazi, na wale wa Mumosho waliotoka kwao alfajiri, wameketi kule nyuma, tafadhali muwapishe waje mbele. Nimewahesabu, nyumba zote kumi na moja ziko hapa. Jumatatu ninazirudisha katika hesabu, na kosa nitaliandika kwa jina langu.

Pumzika kwa amani, mudogo wangu, Jumamosi ni yangu.