Saa ya Kumpa Mama Georgette

Pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, mahali pikipiki za kwenda Swima na Nundu zinaposubiri abiria, kuna ubao wa mtumbwi mzee uliolazwa juu ya matofali kuwa benchi, na wenyewe wanauita "bureau", yaani ofisi. Wanafika asubuhi kama watumishi wa serikali, wanakunywa kawa, kahawa anayoiuza hapo Mama Félicité, na kazi yao ni kujua mambo. Fabien ni mpima samaki, hatembei bila mizani yake ya kuning'iniza, ndiyo maana anaitwa Kilo. Anatole anatengeneza redio, naye jina lake likageuka Radio. Wa tatu ni Patrice, aliyewahi kulinda geti la shule moja. Siku mkuu wa shule alipohamishwa, yeye alibaki na ufunguo wa ofisi wiki mbili, na tangu hapo ni Directeur. Jumamosi ile alikaa kati yao mtu asiye wa bureau: Nijimbere, mkulima Mrundi kutoka kambi ya wakimbizi ya Lusenda, magoti ameyabana, kawa imempoa mkononi. Alikuwa amekuja kununua saa, na katika miaka yake arobaini hakuwahi kuvaa hata moja.

Mbele yake alisimama Lionel, muuza saa, baba wa watoto watatu, na kifuani alikuwa amening'iniza ubao uliojaa saa zinazometa.

— Papa, sikufiche, alisema Lionel. Original hakuna hapa. Hii yote ni copie ya saa za batajiri ba Ulaya. Lakini kuko copie ya kwanza na copie ya pili. Ya kwanza, bantu bataangalia na batanyamaza. Ya pili, batacheka ukishapita.

Nijimbere alimpenda hapo hapo kwa kutomdanganya.

— Nipe ile habatacheka, alisema.

— Ni ya kuvaa weye?

— Hapana. Ni ya mama Georgette. Infirmière.

Ikabidi aeleze yote, maana bureau ile haipokei faili lenye pengo. Wakati wa mvua, binti yake Merveille, mwenye mwaka mmoja na nusu, alishikwa na kichomi. Yeye na mkewe Kaneza walimkimbiza kituo cha afya upande wa Nundu, mtoto anavuta pumzi kwa shida, mbavu zinaingia ndani. Georgette, muuguzi wa hapo, alimfunua kifua, akatazama saa yake, akahesabu pumzi dakika nzima. Sitini na mbili. Saa yenyewe ilikuwa imekatika mkanda, ameifunga mkononi kwa sparadra, plasta ile ile ya kufungia vidonda, na ilikuwa na tabia ya kusimama katikati ya hesabu. Ikisimama, Georgette aliigonga mezani na kuanza upya tangu moja, wala hakununa. Siku tatu alifanya hivyo. Nijimbere hajui dawa, lakini alijifunza kuingoja namba ile, akiisikia tu ndipo alipoweza kumeza chakula. Siku ya tatu, asubuhi, Georgette alisema: "Thelathini na nne. Sasa unaweza kumurudisha mutoto nyumbani." Nijimbere alitaka kushukuru, mdomo ukakataa. Akaondoka kama mtu aliyeiba, na aibu hiyo alikuwa nayo mwezi wa nne sasa.

— Kaneza alisema tupeleke kuku, aliwaambia. Mi nikasema, kuku italiwa siku moja, imeisha. Nikauzisha karanga. Franga, ile pesa, iko ya saa moja. Moja tu. Nikikosea, sina ya kurudia.

Kilo alimeza funda moja, akaweka kikombe chini.

— Bon, alianza Kilo. Saa ni uzito. Nyepesi ni makopo. Lete ile kubwa.

Akaitwaa saa pana ya chuma, akaitundika kwenye ndoano ya mizani, pale penye magamba ya samaki wa jana.

— Munaona? Hii ni saa! Saa nyepesi inakimbia sababu haina kintu ya kuishikilia. Ile nzito inatembea polepole. Ukiivaa, hata kuzeeka unazeeka polepole.

— Weye unapima saa kama ndagala! alisema Radio. Saa ni sauti. Ya bei kubwa haina sauti hata kidogo. Inanyamaza, kama batajiri benyewe.

Akachagua saa nyeusi tititi, akaibandika sikioni, akafumba macho.

— Hakuna kintu! Kimya! Hii ni copie ya kwanza. Sababu ile ya kusema tik tik, sauti inaingia kwa mufupa. Mulamu, ule shemeji wangu pale Kazimia, alilala na saa ya kelele miaka kumi. Leo ukimwita nyuma, hageuke mara moja. Anageuka kidogo, anasimama. Kidogo, anasimama.

— Uongo, alisema Mama Félicité huku anamimina.

— Muulize bibi yake!

Directeur alikuwa amekunja mikono akingoja wadogo wamalize. Sasa alisimama, maana hajui kutoa hukumu akiwa amekaa.

— Bandugu, munasahau hii saa ni ya nani. Infirmière anafanya kazi mbele ya bantu. Mugonjwa anaingia anatetemeka, anakuta nini kwa mukono wa infirmière? Sparadra! Atapona namna gani? Akute dhahabu! Homa yenyewe itapata haya.

Akanyoosha kidole kwenye saa ya rangi ya dhahabu, iliyokaa katikati ya ubao kama bwana harusi. Usoni ilikuwa na miviringo mitatu midogo, kila mmoja na mishale yake.

— Na angalia. Ndani ya saa moja kuko saa ingine tatu. Ya kwanza ni ya siku. Ya pili ni ya mwezi.

— Na ya tatu? aliuliza Kilo.

— Ya tatu ni ya mambo ya ndani. Haielezwe kwa kila muntu.

Nijimbere aliwasikiliza kwa shukrani ya kweli. Watu hawa hawakumjua asubuhi, na sasa wanagombana kwa ajili ya mtoto wake kama wajomba. Hata hivyo jicho lake lilikuwa linatoroka chini, pembeni mwa ubao, penye saa ndogo ya uso mweupe, mshale mmoja mwekundu, mkanda mweusi wa mpira.

— Na hii? aliuliza taratibu.

Wote watatu wakacheka.

— Hiyo ya mutoto wa école, ya kuendea shule! alisema Directeur. Unataka kumushukuru ao kumupa devoir ya kuandika nyumbani?

— Ni copie ya saa ya bazamiaji, haiogope maji, alisema Lionel. Huku bavuvi ndio bananunua.

— Voilà! Bavuvi! alisema Directeur.

Nijimbere alirudisha kidole chake kwa haya. Akapokea ile ya dhahabu, ikakaa kwenye kiganja chake chenye sugu za jembe, ikawaka. Akajiona anaingia kituoni na kitu kinachoonekana toka mlangoni, na moyo ukampanda. Basi iwe hiyo. Akatia mkono mfukoni, kwenye kitambaa alichofungiwa pesa na Kaneza.

— Pikipiki ya Nundu iko? ilisema sauti nyuma yao. Mama, nipe kawa nikiwa nangoja.

Nijimbere aliijua sauti ile kabla hajageuka. Ilikuwa imemhesabia siku tatu. Mama Georgette alikuwa ameshusha katoni ya glavu alizokuja kuchukua mjini, ananawa mikono kwenye ndoo ya Félicité, ile yenye maji ya chlore ya kuua vijidudu, iliyowekwa tangu kipindupindu cha mwaka jana. Kwenye mkono wake wa kushoto sparadra ilikuwa bado ipo, mpya kidogo.

— Papa Merveille! Mutoto anaendelea namna gani?

Nijimbere aliinuka, kawa ikamwagika kwenye suruali.

— Anakimbia, mama. Anafukuza kuku mpaka kuku inachoka.

Georgette alicheka kwa furaha. Directeur alifungua mdomo, Kilo akamkanyaga mguu.

— Kumbe munanunua saa. Ya nani?

— Ya... ya muntu moja, alisema Nijimbere. Anafanya kazi kama yako.

— Infirmière? Nione.

Akaichukua ile ya dhahabu, akaigeuza huku na huku. Watu wa bureau walijivuta mbele kwenye ubao, kila mmoja anangoja kusifiwa.

— Mushale ya secondes iko wapi?

Kilo alisogeza kichwa karibu.

— Nauliza mushale ya secondes. Atahesabu pumzi ya mutoto na nini?

Radio aliinama, akakodoa macho. Ile miviringo mitatu ilikuwa imechorwa, mishale na yote. Kilo alimtazama Directeur.

— Ile ya tatu, alisema Directeur, basi akaishia hapo.

— Na sisi tunanawa na chlore siku yote, aliendelea Georgette. Hii dhahabu itabakia kwa ndoo.

— Kweli, mama, alisema Lionel. Kwa chlore, ile sina garantie yake.

Nijimbere alikifumbata kitambaa mfukoni. Alikuwa amebakiza kufungua fundo moja tu la kitambaa. Kilo akaleta ile saa yake nzito haraka. Mshale wa sekunde ulikuwepo, lakini ukifika penye nane ulitetemeka, ukarudi nyuma, ukajaribu tena. Ile nyeusi ya Radio, Georgette hakuishika hata kidogo.

— Mushale nyeusi kwa uso nyeusi. Lampe ikizima, ataona nini?

Ndipo akainama mwenyewe hadi pembeni mwa ubao wa Lionel, akaitoa ile ndogo nyeupe.

— Hii je?

Safari hii hakucheka mtu.

— Hiyo, alisema Directeur, hata mi niliona iko na kintu.

Radio alifungua chronomètre ya simu yake, ile ya kuhesabu sekunde, wakaiangalia pamoja dakika nzima. Mshale mwekundu ulizunguka na kufika pamoja na simu. Wakaangalia dakika ya pili. Ukafika tena.

— Sasa tuone kama inaweza kazi yake, alisema Georgette. Lete mukono, Papa Merveille.

Akamshika kifundo cha mkono kwa vidole viwili, saa mpya kwenye kiganja cha pili, macho kwenye mshale mwekundu. Félicité alisema baadaye kwamba tangu ubao ule uwekwe pale hapakuwahi kupita dakika nzima bila neno. Nijimbere aliangalia midomo yake ikisogea bila sauti, kama ilivyosogea juu ya kifua cha Merveille, na kila kitu kikamrudia: mbavu, mvua, saa ikigongwa mezani, tangu moja tena.

— Saa inafanya kazi muzuri, alisema Georgette. Lakini weye, mia moja na kumi na nne! Haukimbie, haubebe kintu, umekaa na bantu kwa kawa. Moyo yako inakimbilia wapi?

Kilo aliigeukia mizani yake, Radio akafuta simu isiyo na vumbi, na Directeur, mwenye jibu la kila kitu, akatazama ziwani.

Nijimbere alifungua fundo la mwisho, akamkabidhi Lionel pesa bila kumtazama. Kisha akakunja vidole vya Georgette, kimoja kimoja, juu ya ile saa.

— Ni yako, mama. Ilikuwa yako toka asubuhi. Ni copie, sikufiche. Mutoto alikuwa sitini na mbili. Ukamurudisha thelathini na nne, na hii saa ya sparadra. Nikaondoka bila kusema kintu.

Kiswahili kikamtoroka. Akamalizia kushukuru kwa Kirundi:

— Murakoze. Murakoze cane.

Georgette aliibandua ile sparadra polepole, kwa uangalifu anaoutumia kwenye ngozi ya mtoto, akampa Radio saa ya zamani, naye Radio akaipokea kwa mikono miwili na kuahidi ataiponesha bure. Alipovaa mpya, macho yake yalikuwa yamejaa maji, akayaacha yashuke mbele ya wote.

— Mi huwa najua namba tu, alisema. Mutoto akishapona, anaenda. Sijue kama anakimbia, sijue kama anafukuza kuku. Hakuna muntu anarudi kuniambia. Aksanti, Papa Merveille. Aksanti kabisa.

— Saa ya école, alinong'ona Kilo.

— Nyamaza, alisema Directeur, naye anapangusa jicho kwa mkono wa shati.

Mama Félicité aliinamisha thermos, kawa ya mwisho ikaingia kwenye kikombe cha infirmière, na hakuna wa bureau aliyedai zamu yake. Mwenye pikipiki ya Nundu alipiga honi. Georgette akamwonyesha kwa mkono kwamba asubiri, akamgeukia Nijimbere.

— Lete tena.

Akamshika kifundo cha mkono. Mshale mwekundu ukazunguka, wote wakaufuata kwa macho, hata Lionel, hata mwenye pikipiki. Nijimbere alivuta pumzi ndefu, akaitoa.

— Themanini na mbili, alisema Georgette. Sasa unaweza kurudi nyumbani.