Sukari Niliyoihesabu Kuwa Safi

Bwana asifiwe, ndugu zangu! Msifuni kwa nguvu basi, maana leo nimesimama mbele yenu kwa miguu yangu miwili!

Mnanijua. Mimi ni mzee wa kanisa hili tangu tulipogawiwa mashamba hapa Nyansiongo, wazungu walipoondoka. Pombe niliacha nikiwa kijana. Tumbaku niliacha. Nguruwe sili. Hata chai, ambayo nailima na kuichuma kwa mikono yangu, siinywi! Nikajiona mtu safi kabisa. Nikiona jirani ananuka pombe ya busaa, namwonea huruma kutoka juu kama tausi.

Lakini maziwa ya moto, jamani! Kwa kuwa hayana majani ya chai, niliyahesabu kuwa matakatifu. Sukari vijiko vitano, mkate mweupe kutoka Keroka, siagi juu. Ugali wa wimbi tuliolelewa nao nikauita chakula cha shida. Na Sabato mchana tukitembelea washiriki, nyumba sita, kila nyumba kikombe. Utakataaje? Mama wa watu ameazima sukari kwa jirani kwa ajili yako! Tumbo likatangulia mbele, watu wakanisifu eti Mungu amenibariki.

Ndugu zangu, kiu ikanishika. Nikawa nakunywa maji kama ng'ombe na kwenda chooni kila saa. Kisha jembe likanikata kidole cha mguu, kidonda kidogo tu, kikakataa kupona. Mwezi ukaisha, kinatoa harufu. Daktari kule Kisii akaniambia nina ugonjwa wa sukari. Akanipa dawa, akaniambia niache sukari na mikate, nirudie wimbi na mboga. La sivyo, mguu utakatwa. Nyasae, Mungu wangu! Mkulima bila mguu ni nani?

Nyumbani nilitii, kwa sababu mke wangu Moraa alinichunga. Lakini Sabato nikitoka kutembelea, nilikunywa kila kikombe. Nilisema naogopa kuwavunja watu moyo. Nilikuwa nadanganya! Niliutamani utamu ule kuliko mlevi anavyotamani pombe yake. Ndiyo, mimi, mzee wa kanisa.

Sabato moja nikaingia kwa Mama Nyaboke, mjane, nikichechemea. Akaniwekea uji wa wimbi na sahani ya chinsaga, ile mboga chungu ya nyumbani. Sukari hakuna. Nami bila haya nikaiomba! Yule mama akautazama mguu wangu uliofungwa kitambaa, akaanza kulia.

"Baba," akasema, "mume wangu alianza na kidonda kama hicho. Alikatazwa sukari, nami nikawa namwekea kwa mkono huu, nikidhani ndiyo upendo. Nikamzika. Wewe sitakuwekea. Ukitaka kukasirika, kasirika."

Kumbe miaka yote hii nimembeba huyu mama katika maombi, na yeye amebeba jambo hilo peke yake! Nikamwambia, "Mama, hukujua ingemfikisha huko. Mungu anajua hukujua." Tukapiga magoti pale kwenye udongo, tukalia wote wawili. Nikaiungama tamaa yangu, nikiitaja kwa jina lake. Kisha nikala ile chinsaga yote, chungu vilevile.

Haikuwa rahisi, nisiwadanganye. Kichwa kiliniuma, nikamgombeza Moraa bure, anisamehe. Dawa ya daktari nameza mpaka leo. Lakini mkanda umerudi tundu tatu, na kidonda kimefunga. Tazameni wenyewe, nimevaa viatu!

Namshukuru Mungu aliyeniponya kwa machozi ya mjane. Na wewe uliyefungwa na kitu ambacho hakuna anayekihesabu kuwa dhambi, usione haya. Mwambie Yeye, hatakucheka. Akina mama, mchana huu tunatembeleana kama kawaida. Nikipiga hodi kwako, nipe maji tu. Nitayanywa kwa furaha, kisha nitasimama niiombee nyumba yako, kwa miguu yangu miwili. Amina!