Dada Waya, Aliyezikwa kwa Jina Lisilo Lake

Wasikilizaji wapendwa, leo tunamkumbuka mama mmoja aliyezikwa juzi. Wenzake kazini walimwita Dada Waya. Wakati wa vita alikuwa mpokea simu kwenye ofisi ya simu. Visikilizio masikioni, mikono ikichomeka na kuchomoa nyaya kutwa nzima, na mdomo haukosi utani.

Siku moja alimsikia msimamizi wake akimtajia rafiki kwenye simu, kwa kujigamba tu, saa ya treni ya askari kuondoka. Kesho yake treni ikalipuliwa. Watu arobaini wakafa. Msimamizi akawahi polisi: "Siri imevujishwa na yule binti."

Nasema wazi, wasikilizaji: hakuwa yeye.

Alitoroka kwa mlango wa nyuma, viatu mkononi. Akakimbilia kwa kaka yake. Mlango ukafunguliwa nusu.

"Dada, nina watoto. Sijakuona."

Akamsukumia koti. Akafunga.

Picha yake ilijaa kwenye kuta za mji. Yeye akaenda mbali, akafua mashuka ya nyumba ya wageni, kwa jina la kubuni. Vita vikaisha. Msimamizi akafa kwa homa, bila kukiri. Dada Waya akaolewa, akazaa, akafiwa na mume, kwa jina lile lile la kubuni.

Kisha ikatoka filamu kuhusu kisa kile. Bintiye, bila kujua lolote, akampeleka kuitazama. Kwenye filamu, mwenye hatia anakamatwa juu ya paa, na jaji anamwomba radhi mwanamke aliyesingiziwa. Ukumbi mzima ukapiga makofi.

Binti anasimulia: "Nikamuuliza, 'Mama, mbona unalia? Si ameshinda?' Akasema, 'Huyo ameshinda, mwanangu. Mimi bado natafutwa.'"

Usiku ule mama alimweleza yote, na mara tatu binti na ndugu zake walikwenda kuomba kesi ifunguliwe upya. Mara tatu karani aliuliza, "Mashahidi wenu wako wapi?" Wote walishakufa. Faili likarudi kabatini, na neno "msaliti" juu yake.

Juzi binti alitaka jina la kweli liandikwe kaburini. Ndugu wakamsihi aache, kaburi litavunjwa. Akaacha. Nami ameniomba nisilitaje hapa.

Pole sana, binti. Pole kwa familia yote.

Nasi tuliobaki, wasikilizaji, tujiulize: picha ile ilipobandikwa, ni nani kati yetu aliyeuliza hata swali moja?