Nani wa Mwisho?

Itzel alitoka Meksiko kuja Havana kumzika baba yake. Kwenye kituo cha basi alikuta watu wametawanyika vivulini, foleni haionekani.

"Uliza nani wa mwisho," mzee mmoja, Evelio, alimwambia. "Ni mimi. Sasa uko nyuma yangu. Nenda kakae kivulini, binti."

"Ili unipite?"

"Nikupite vipi, nami niko mbele yako?"

Jibu lilikuwa safi mno, akazidi kumshuku. "Nina mazishi saa nne, mzee. Sitaki michezo."

Akabaki juani, mkoba kifuani.

Basi likaja. Watu wakajipanga wenyewe, kila mmoja akijua wa kumfuata. Evelio akapanda, akauzuia mlango kwa mkono.

"Bado mmoja! Binti, unakwenda kuzika au unalinda mkoba?"

Itzel akapanda, akiutazama mkono ule, bado akitafuta ujanja ulipo.