Kompyuta ya Shemeji Yavuka Barabara

Asubuhi hiyo benchi zima lilikuwa kimya, na hilo peke yake lilikuwa ajabu. Ni benchi la mbao mbele ya duka la fundi kompyuta, limelegea mguu mmoja, na kwa kawaida halinyamazi hata mvua ikinyesha. Wembe, kinyozi wa mlango wa pili, alikuwa amesimama na kitana mkononi, mteja wake kamwacha kitini kichwa kimenyolewa nusu. Mhuri, karani aliyegonga mihuri ofisini mpaka akastaafu nayo jina, alikuwa ameinamisha kikombe bila kujua na kahawa ilikuwa ikimwagikia kiatu chake. Mama muuza kahawa, ambaye wote humwita Birika, alikuwa ameshika birika hewani kama aliyepigwa picha. Na katikati yao fundi mwenyewe, Kanuni, mdomo wazi kama droo isiyofungika. Wote walikuwa wakitazama ng'ambo ya barabara. Mke wa Kanuni alikuwa amepita mbele yao sasa hivi tu, kompyuta yake kaikumbatia kifuani kama mtoto mwenye homa. Hakusalimia mtu. Akavuka barabara, akaingia kwa Chapchap.

Kwa Chapchap! Huyo ndiye fundi wa pili wa mtaa, na jina lake ni kazi yake: unamwachia mashine, unakwenda kununua nyanya, ukirudi ameshamaliza. Haulizi, hachunguzi. Anafuta kila kilichomo na kukuwekea mfumo wa kuendeshea mashine, ule wa kampuni kubwa, tena nakala ya wizi, halafu anakuambia "karibu tena."

Kanuni hamtaki hata kwa harufu. Yeye ufundi hakufundishwa na mtu. Alijifundisha mwenyewe kwa kufumua mashine mbovu na kusoma mpaka macho yakamtoka machozi, na kutokana na hapo akajiwekea mambo mawili asiyoyavunja. La kwanza, hagusi mashine ya mtu kabla ya kumuuliza mwenyewe ana nini ndani asichotaka kipotee. La pili, yeye ni mtu wa mfumo huria, ule ulioandikwa na watu wa kujitolea, kila mtu ana ruhusa kuutumia na kuufungua aone ulivyo. Hauibiwi kwa sababu hauuzwi. Kwa mambo hayo mawili ndipo akaitwa Kanuni, na ukitaka kuona mishipa yake ya shingo, mwambie hayana maana.

— Nimeona vibaya, — alisema hatimaye.

— Umeona vizuri, — Wembe akamjibu. — Hata mimi nimejifinya.

— Mke wa fundi! — Mhuri akapaza sauti. — Kupeleka mashine kwa fundi mwingine! Mbele ya fundi! Ndiyo maana wahenga walisema, haba na haba hujaza kibaba.

— Haba na haba imeingilia wapi hapo, mzee? — Wembe akauliza.

— Imeingia. Leo kompyuta, kesho sufuria, kesho kutwa kabati la nguo. Utashangaa nyumba nzima iko ng'ambo.

— Khaa! Mzee Mhuri, mdomo wako!

Birika alishusha birika lake juu ya kigoda. Alimtazama Kanuni kwa jicho ambalo huwatazamia watu wanaorudisha kikombe kilichopasuka.

— Fundi. Umemfanya nini shemeji yetu?

— Nimemfanya nini? Nimemkomboa!

— Umemkomboa?

— Ndiyo. Ile mashine yake ilikuwa na mfumo wa kampuni. Ndani ya nyumba yangu! Mimi niko hapa mchana kutwa nawaambia watu waachane nao, nikirudi nyumbani naukuta umekaa mezani unanitazama. Huo si unafiki? Juzi alipokwenda kwa dada yake nikasema basi, leo ndiyo leo. Nikaifomati. Nikamwekea mfumo huria, safi kama sahani ya sikukuu. Picha zake nimezitunza. Michoro yake ya nguo za wateja nimeitunza yote, hata ile ya mabega yaliyopitwa na wakati.

— Na gemu lake la kujenga? — Birika aliuliza.

— Gemu lile halipo kwenye mfumo huria. Waliolitengeneza wamekataa kulitengenezea upande huu. Sasa hilo ni kosa langu? Lakini mengine yapo! Kuna karata. Kuna la nyoka anayekula tufaha.

— Mungu wangu, — Wembe alisema, akakaa chini kabisa. — Mtu mzima na watoto wake, unampa nyoka.

— Wembe, usianze.

— Naanza. Mimi kwangu kompyuta ni gemu. Kompyuta isiyo na gemu ni televisheni iliyonuna. Wewe unachagua mfumo kama mtu anayechagua mke kwa kusoma katiba yake!

Kanuni alisimama. Alipokuwa akisimama kwa hasira, benchi lililegea upande wa Mhuri na kumwagia kahawa kiatu cha pili.

— Nikuulize, wewe unayejua kucheka. Ungenunua nyumba ambayo aliyekuuzia kabaki na funguo? Anaingia anapotaka, anahamisha makochi, anachungulia sufuria mnapika nini, na siku akijisikia anakufungia choo mpaka ulipe tena?

Wembe alifikiri.

— Ina uwanja wa mpira ndani?

— Ina.

— Nanunua.

— Toka kwenye benchi langu!

Walicheka, lakini kicheko hakikukaa. Ng'ambo, kupitia kioo cha Chapchap, walimwona shemeji amesimama wima, mkoba begani, kama mtu aliyeko kituo cha polisi.

— Si bure, — Mhuri alisema. — Kuna mkono wa mtu. Kanuni, kampuni imekusikia.

— Kampuni ipi?

— Hiyohiyo ya mfumo. Imesikia unawazuilia wateja. Imeanzia kwa mkeo. Kikulacho ki nguoni mwako, na kampuni ina nguo.

— Mzee, — Wembe alisema, — kampuni yenye majengo ya kugusa mawingu imjue fundi mwenye benchi la miguu mitatu na nusu?

— Watu wakubwa ndio wanaoogopa wadogo. Nilikuwa ofisini, najua. Tulikuwa na faili la mtu muuza karanga.

— Basi mimi nakwambia si kampuni, ni gemu lenyewe! — Wembe alipandwa na yake. — Yale magemu ya kujenga miji, umewahi kujiuliza kwa nini wanawaachia watu wajenge tu, hawashindi, hawashindwi? Wanachukua ramani! Shemeji anajenga mtaa mzuri, wao wanauchukua, wanakwenda kuujengea watu wao huko. Kazi ya bure!

— Naam! — Mhuri alipiga paja. — Na wakishamaliza watakuja kuutekeleza huku. Utaamka asubuhi benchi liko upande wa Chapchap na Chapchap yuko upande huu!

— Na mteja wangu yuko nusu na nusu, — Wembe alisema, akamkumbuka ghafla mtu wake, akamwashiria asubiri.

Kanuni alijua ni upuuzi. Lakini lazima ukweli usemwe, kila upuuzi ulimpoza kidogo. Kama ni kampuni, si yeye. Kama ni gemu, si yeye. Kama ni uchawi, ndiyo kabisa.

— Inawezekana, — alisema. — Haya magemu yanameza akili. Mtu unamsemesha hakusikii. Jioni nzima anacheka na skrini.

— Alikuwa hacheki na skrini, — Birika alisema.

Hakupaza sauti. Ila Birika huwa haingii kwenye mijadala, humimina tu, kwa hiyo wote wakageuka.

— Alikuwa akicheka na kaka yake. Yule aliyeko mbali, anayefanya kazi hospitali. Walikuwa wanaingia humo wote wawili, jioni, kabla kaka hajaenda zamu. Shemeji alinionyesha siku niliyompelekea gauni kupunguza. Wanaume hawa! Hivi mnajua walikuwa wakijenga nini?

— Mji, — Wembe alisema, sauti imepungua.

— Mji gani? Nyumba. Nyumba ya mama yao. Ile iliyobomolewa barabara ilipopanuliwa, hawana hata picha yake moja. Waliijenga humo kwa kukumbuka. Tofali hili, dirisha lile. Ufa wa sebuleni. Walibishana wiki nzima kama mlango wa jikoni ulifunguka ndani au nje. Kaka anasema ndani. Mpaka shemeji akakumbuka mama yao alivyokuwa akiusukuma kwa kiuno akitoka kwenda uani, mikono imeshika sufuria ya moto. Basi nje. Wakalia wote wawili, kila mtu kwenye nchi yake.

Kitana kilimponyoka Wembe kikaangukia zege.

— Ilikuwa kwenye mashine ya kaka yake? — Kanuni aliuliza. Alijua jibu. Aliuliza ili apate muda.

— Ya shemeji. Kaka ndiye aliyekuwa akiingia kwake, kama mgeni. Shemeji alisema mwenyewe: "Nyumba iko kwangu."

— Hakuniambia.

— Angekuambia saa ngapi? Ukiona gemu tu unaanza hotuba.

Kanuni alirudia hesabu yake ya juzi. Alikuwa ametunza picha. Alikuwa ametunza hata mabega yaliyopitwa na wakati. Folda ya gemu aliiona, haki ya Mungu aliiona, kubwa kuliko zote, na alisema moyoni, *michezo hii*, akaipita.

— Basi imekwenda, — Mhuri alisema. — Yaliyopita si ndwele.

— Haijaenda! — Kanuni alimkaripia. — Ukifuta kitu kwenye diski hakiondoki. Kinaondolewa jina tu mlangoni. Chenyewe kinabaki ndani mpaka kitu kingine kije kikikalie. Mimi nimeweka mfumo mwepesi, umekalia kipembe. Nina programu ya kuchimba, naweza kupata. Si chote, lakini naweza kupata. Ila Chapchap…

Wote walielewa kwa pamoja, na wote wakatazama kioo. Chapchap alikuwa ameshaweka kompyuta mezani na kuifungua. Alikuwa akitafuta kitu kwenye droo.

— Ila Chapchap akiweka ule mfumo wake mzito, — Kanuni alimalizia, — ataumwaga kama zege juu ya kaburi.

— Si uende! — Wembe alisema.

— Niende wapi?

— Pale! Mita ishirini!

— Niingie kwa mwizi yule? Mimi? Niliyemwita mwizi hapa hapa mbele yenu, akasikia, akanipungia mkono? Niingie nimpigie magoti, mke wangu anatazama?

— Mchelea mwana kulia hulia yeye, — Mhuri alisema, na kwa mara ya kwanza mwaka ule methali yake ilikaribia kuwa mahali pake, jambo lililomtisha mwenyewe.

Kanuni hakwenda. Miguu ilikuwa inataka, shingo haitaki, na mtu huenda inakoelekea shingo yake. Alisimama pale anatweta kama aliyetoka mbio, na ng'ambo droo ikafungwa.

— Hodi jamani. Fundi ni nani hapa?

Alikuwa mwanamke mgeni, mfuko wa kitambaa mkononi, viatu vya mtu aliyetembea. Kutoka kwenye mfuko alitoa kompyuta ndogo yenye bawaba iliyovunjika.

— Mimi, — Kanuni alisema bila kumtazama. Mikono yake ikaipokea mashine yenyewe, na mdomo ukasema ulichozoea kusema: — Karibu, mama. Kabla sijagusa, humu ndani kuna kitu gani usichotaka kipotee?

Mwanamke aliduwaa. Alimtazama kama aliyeulizwa jina la mama yake na mtu baki.

— Kuna sauti za mwanangu akijifunza kusema. Sasa ni mkubwa. Zilikuwa nyingi, fundi mwingine alinifutia bila neno, zimebaki chache. — Macho yalimlowa, akacheka kwa aibu. — Loo, samahani. Ni kwamba sijawahi kuulizwa. Hivi wewe huwauliza watu wote hivyo?

Kanuni alishusha macho kwenye bawaba iliyovunjika.

Wembe aliokota kitana chake, akakipuliza, akakipuliza tena. Mhuri, ambaye ana methali ya kila kitu hadi ya kupotea kwa soksi, aliinama kufuta kahawa kiatuni. Mwanamke aliwatazama mmoja mmoja, akidhani amekosea kitu. Birika aliinamisha birika juu ya kikombe cha Kanuni. Likatoa tone, kisha pumzi.

— Imekwisha, — alisema.

Kanuni alimrudishia mgeni mashine yake, kwa mikono miwili, kama kitu cha kioo. Akavuka barabara bila kutazama kulia wala kushoto. Mwendesha baiskeli akamtukana, hakusikia. Alisukuma mlango wa Chapchap kwa bega. Kidole cha Chapchap kilikuwa juu ya kibodi.

— Usibonyeze!

— Ebo! Mzee wa kanuni! Leo umepotea njia?

— Nakuomba, — Kanuni alisema. — Nakuomba, usibonyeze.

Kidole kilibaki hewani. Mke wake hakugeuka. Alikuwa akitazama mashine, na mkoba ulikuwa bado begani.

Kanuni alikuwa na maneno mengi juu ya uhuru. Amekuwa nayo miaka yote. Aliyatafuta akakuta yote yamebaki ng'ambo, kwenye benchi. Kilichobaki mdomoni kilikuwa kimoja, ambacho kila mtu wa mtaa ule alikuwa ameshakisikia, hata wapita njia, isipokuwa huyu mmoja.

— Mama watoto, — alisema. — Kabla mtu hajagusa. Humu ndani kuna kitu gani usichotaka kipotee?

Mke wake aligeuka. Kisha alishusha mkoba begani, akauweka sakafuni.

— Mlango wa jikoni, — alisema. — Unafunguka nje.